Lenzi za bei chee kwa kamera ya renjifainda: kuchagua, kukagua na kuzitumia ukiwa Dar

Lenzi mpya ya Leica, kampuni ya Ujerumani, Summicron ya milimita 50 yenye f/2, inauzwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani. Kwa hela hiyo unatoka Kariakoo na pikipiki mpya na bado unabaki na pesa ya mafuta. Jupiter-8 ya Kisovieti nayo ni ya milimita 50, nayo ni f/2, nayo inakaa kwenye Leica hiyohiyo kwa adapta nyembamba, na mtu mvumilivu huipata kwa chini ya dola 100. Milimita zinakuambia lenzi inaona eneo kiasi gani, namba ndogo ni eneo pana; f inakuambia ukubwa wa tundu lake la mwanga, namba ndogo ni tundu kubwa. Picha za lenzi hizi mbili hazifanani, sitakudanganya. Lakini ukimpelekea mama lishe picha yake uliyopiga jioni kwa Jupiter, hatauliza mbona hukutumia Leica.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ya renjifainda, pengine FED au Zorki aliyorudi nayo mzee wa familia aliyesomea Urusi, au Canon ya zamani, au Leica aliyoipata kwa kujinyima. Nitakwambia tangu mwanzo msimamo wangu: kwenye lenzi za bei nafuu, hali ya lenzi iliyo mkononi mwako ina uzito kuliko jina lililochorwa mbele yake. Jupiter-8 nzuri inaishinda Canon yenye ukungu kila siku ya wiki. Na kwa sisi wa pwani, hali ya lenzi ni habari ya fangasi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwanza tuelewane kamera yenyewe inavyofanya kazi. Renjifainda haina kioo cha kuinuka na kushuka ndani. Unachungulia kwenye dirisha dogo, unaona katikati kiraka chenye picha mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka picha hizo zilaliane ziwe moja. Hapo umefokasi. Nyuma ya dirisha hilo kuna mkono mdogo wa chuma unaoegemea kisogo cha lenzi. Lenzi ikisogea, mkono unasogea nayo. Ukumbuke mkono huo, maana nusu ya kesi za lenzi za bei chee zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: Jua mdomo wa kamera yako

Mdomo ni pale lenzi inapojipachika kwenye kamera. Kwa mtu wa bajeti ndogo midomo ya kujua ni mitatu.

Wa kwanza ni wa skrubu, wenye kipenyo cha milimita 39. Leica waliuleta miaka ya 1930 na ukaigwa karibu kila mahali: FED za Kharkiv, Zorki za Krasnogorsk, Canon za Japani, ikiwemo Canon 7 ya mwaka 1961. Wa pili ni Leica M, ulioanza na Leica M3 mwaka 1954. Lenzi yake unaipachika kwa kuizungusha kidogo tu mpaka inagonga. Wa tatu ni wa Contax, kamera ya Kijerumani, ambao utaukuta kwenye kamera za Kiev zilizotoka kiwanda cha Arsenal. Lenzi ya Kiev haiingii kwenye Zorki hata kama zote mbili zimeandikwa Jupiter-8, kwa hiyo soma tangazo mpaka mwisho.

Lenzi ya skrubu inaingia kwenye kamera ya M kwa adapta. Hesabu yake ni rahisi: kwenye kamera ya skrubu, filamu iko milimita 28.8 nyuma ya mdomo. Kwenye M iko milimita 27.8. Adapta yenye unene wa milimita 1 inaziba tofauti hiyo, na mkono wa renjifainda unaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya M haiendi kwenye kamera ya skrubu. Adapta hizi huuzwa kwa aina tatu, kulingana na fremu, yaani mistari ya mipaka ya picha, zitakazotokea kwenye dirisha: ya 28 na 90, ya 35 na 135, ya 50 na 75. Chukua inayolingana na lenzi yako.

Sasa mtego unaowakamata wengi. Warusi walitengeneza pia kamera za Zenit, zile zenye kioo ndani, na Zenit za mwanzo zilitumia uzi huohuo wa milimita 39. Lenzi ya Zenit itajifunga kwenye Zorki yako vizuri kabisa, utafurahi, na hakuna picha hata moja ya mbali itakayotoka kali, kwa sababu Zenit inataka filamu iwe milimita 45.2 nyuma ya mdomo. Industar-50 ipo ya aina zote mbili, na ndiyo inayouzwa kimakosa kuliko zote. Namna ya kuzitofautisha: mwombe muuzaji picha ya kisogo cha lenzi. Ya renjifainda ina pete ya chuma inayotoka na kuingia unapozungusha fokasi, ndiyo inayosukuma ule mkono. Ya Zenit haina. Muuzaji akileta maneno mengi badala ya picha, achana naye. Huo ni mbuzi kwenye gunia.

Kama huna kamera kabisa, usianze na biashara ya kubadilisha lenzi. Tafuta Canonet QL17 GIII au Yashica Electro 35, ambazo lenzi yake haitoki. Canonet ina milimita 40 na f/1.7, Yashica ina milimita 45 na f/1.7, na zote zinapiga vizuri sana. Ila betri zake za asili, zile za zebaki, hazitengenezwi tena, kwa hiyo uulize kabla hujalipa kama kamera imewahi kupimwa kwa betri mbadala.

Hatua ya 2: Anza na hamsini

Milimita 50 ndiyo lenzi iliyouzwa pamoja na kamera nyingi enzi hizo, kwa hiyo zimejaa na bei iko chini. Tena dirisha la FED na la Zorki linaonyesha eneo la milimita 50 peke yake. Ukiweka lenzi pana zaidi, utahitaji dirisha la ziada la kupachika juu ya kamera, na hilo lina bei yake.

Lenzi za milimita 135, kwa mfano Jupiter-11, utaona zinauzwa bei ya kutupa. Kuna sababu. Kwenye renjifainda kiraka cha kufokasi ni kidogo mno kwa lenzi ndefu, na kosa dogo la ule mkono linakuwa kosa kubwa kwenye picha. Ziache.

Hatua ya 3: Chagua lenzi

*Industar-61.* Hii ndiyo ningemshauri anayeanza. Kwa kawaida ni f/2.8, yenye milimita kati ya 52 na 55 kutegemea toleo, na ile iliyoandikwa L/D ina kioo chenye madini ya lanthanamu. Ina vioo vinne tu ndani, muundo mkongwe wa Kijerumani uitwao Tessar, na kali yake inawashangaza watu waliozoea kudharau vitu vya bei chee. Ina kituko kimoja: ukifunga apacha (lile tundu la mwanga) hadi f/5.6 au f/8, blede zake, vile vipande vyembamba vinavyolifunga, zinatengeneza umbo la nyota, na taa za nyuma zilizo nje ya fokasi zinatoka nyota ndogo ndogo. Wapo wanaopenda. Mimi taa za bodaboda zikigeuka nyota nachoka, kwa hiyo usiku naifungua hadi mwisho.

*Jupiter-8.* Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndiyo lenzi yenye hadithi. Miaka ya mwanzo ya 1930 mbunifu Ludwig Bertele wa Zeiss Ikon, kampuni ya Ujerumani, alitengeneza Sonnar, lenzi yenye vioo 6 vilivyogandishwa katika mafungu 3. Wakati huo hakukuwa na tabaka la kinga la kuzuia mwanga kuakisiwa na lenzi, na kila uso wa kioo uliokutana na hewa ulipoteza kama asilimia 4 ya mwanga na kuutawanya ndani. Kwa kugandisha vioo, Bertele alipunguza nyuso hizo, mwanga ukapita safi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wasovieti walichukua mitambo na ujuzi wa Zeiss kama fidia ya vita, na Sonnar ya f/2 ikazaliwa upya kwa jina la Jupiter-8.

Kwenye f/2 katikati ya picha ni pakali na pembeni ni laini, nyuma ya mtu panayeyuka taratibu. Kwenye f/4 inakaza karibu picha nzima. Pete ya apacha haina vituo vinavyogonga. Inateleza tu, kwa hiyo uitazame kabla ya kupiga, maana ikiguswa na kidole imehama. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya lenzi kwa kawaida ni mwaka wa kutengenezwa: ikianza na 68, ni ya 1968.

*Jupiter-12.* Milimita 35, f/2.8, mtoto wa Biogon, lenzi nyingine ya Zeiss, na yenyewe ni kazi ya Bertele huyohuyo. Kioo chake cha nyuma ni kikubwa na kinaingia ndani ya kamera mpaka karibu na shata, pazia linalofunguka unapopiga. Usiipachike kwenye Leica M5 wala Leica CL, ambazo zina mkono wa kupimia mwanga mbele ya shata, vitagongana. Kwenye FED na Zorki haina shida. Kosa lake la kuudhi ni kwamba namba za apacha ziko mbele, kuzunguka kioo chenyewe, kwa hiyo kila unapobadilisha lazima uigeuze kamera ikutazame. Weka f/8 asubuhi na uisahau.

*Canon za skrubu.* Canon 50 f/1.8 ni chuma kizito, imetengenezwa kwa uangalifu kuliko za Kisovieti na inaendana na Leica bila ubishi. Lakini ina ugonjwa unaojulikana: kioo kilicho nyuma ya blede hufanya ukungu, na mara nyingine ukungu huo umekwisha kula kioo, hauondoki hata fundi afanye nini. Nunua tu iliyopigwa picha kwa tochi. Canon 35 f/2.8 ni ndogo, nzuri, na haivumi sana.

*Voigtländer.* Jina la Kijerumani, kazi ya Cosina wa Japani, walioanza kulitumia kwa lenzi za renjifainda mwaka 1999. Color-Skopar 35 f/2.5 ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, ina tabaka la kisasa, na kwa umri wake ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa safi ndani. Bei yake ni mara kadhaa ya Jupiter, ila bado ni kipande kidogo cha bei ya Leica. Mwenye uwezo wa kununua lenzi moja tu maishani na asitake usumbufu, achukue hii.

*Za Kichina.* 7Artisans na TTArtisan wanatengeneza lenzi mpya za mdomo wa M. Ni nzito, nyingine ni kubwa mpaka zinaziba kona ya dirisha, lakini ni mpya: hazijawahi kulala kwenye kabati la mtu. Baadhi unaweza kurekebisha fokasi yake mwenyewe kwa bisibisi, na faida ya hilo utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Kagua kwa tochi ya simu

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Kama lenzi iko mbele yako, Posta, Mwenge au sebuleni kwa mtu, usiitazame kwa taa ya dari. Fungua apacha hadi mwisho. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi kwa mshazari, wewe utazame kutoka mbele, mwanga usikupige jichoni moja kwa moja. Kisha geuza, tochi mbele, jicho nyuma. Izungushe polepole.

Vumbi utaliona, na vumbi halina neno. Hakuna lenzi ya miaka 50 isiyo na vumbi, na kwenye picha halionekani.

Fangasi ni nyuzi nyeupe nyembamba zinazotawanyika kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Zikiwa chache pembeni, picha haitaona kitu, ila lenzi hiyo usiiweke sanduku moja na nyingine kabla haijasafishwa. Zikifika katikati, omba bei ishuke kwa gharama ya fundi, au uondoke. Fangasi iliyokaa miaka hutafuna tabaka la kinga, na hata ikifutwa kovu linabaki.

Ukungu ni kama mtu amepumulia kioo kutoka ndani. Huu ndio unaoua picha zaidi ya mikwaruzo: kila kitu kinakuwa na rangi ya majivu, na ukipiga kuelekea dirishani picha inaoga maziwa. Kwa jicho la kawaida hauonekani, kwa tochi unaonekana mara moja.

Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele isikutishe. Kioo cha nyuma ndicho cha kulindwa. Mkwaruzo wa huko uko karibu na filamu na una madhara zaidi.

Mafuta kwenye blede za apacha: hapa wauzaji wengi huandika kama kasoro kubwa, na kwenye kamera za kioo kweli ni kasoro, kwa sababu blede zinatakiwa kufunga haraka wakati wa kupiga. Kwenye renjifainda unazifunga mwenyewe kwa mkono, hakuna haraka. Tumia kasoro hiyo kuombea punguzo.

Mwisho zungusha fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ngumu kama kifuniko cha chupa, grisi imekauka na fundi anaweza kuibadilisha. Ikicheza huku na huku, uzi umelika, na hilo halina dawa ya bei nafuu.

Kama unanunua mtandaoni, omba picha tatu: tochi ikiwa mbele, tochi ikiwa nyuma, na kisogo cha lenzi. Muuzaji mwaminifu atazipiga kwa dakika tano.

Hatua ya 5: Piga hesabu kamili kabla ya kulipa

Bei kwenye tangazo siyo bei ya mlangoni. Ongeza usafirishaji, ada ya kubadilisha fedha ya benki au kadi ya simu, kisha VAT na ushuru wa forodha mzigo ukifika. Lenzi ya dola 40 iliyosafirishwa kwa dola 35 haina tofauti na ya dola 75 iliyoko mjini, isipokuwa hii ya mjini umeishika. Ndugu au rafiki anayerudi kutoka safari ni njia nzuri, mradi umwambie abebe lenzi mkononi, asiitupe kwenye begi la kupakia.

Hatua ya 6: Ipime kwenye kamera yako mwenyewe

Ukiipata, usikimbilie mtaani. Anza na mbali. Nenda Coco Beach asubuhi, chagua meli iliyotia nanga, zungusha lenzi hadi mwisho kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa. Picha mbili za meli kwenye kiraka zinatakiwa kulaliana kabisa. Zikiachana, renjifainda yako ndiyo yenye hitilafu au lenzi haijakaa sawa.

Kisha karibu. Chukua vizibo vitano vya soda, vipange juu ya meza kwa mshazari kutoka kwako, kila kimoja sentimita 3 nyuma ya mwenzake. Cha katikati kiwe cha Fanta, vingine vya Coca-Cola, usije ukachanganya. Kaa mita 1, fungua lenzi hadi mwisho, fokasi kwenye Fanta, piga. Rudia mara chache kwa kuvuruga fokasi na kuanza upya. Filamu ikisafishwa, tazama ni kizibo kipi kimetoka kikali.

Huna subira ya filamu? FED-2 na Zorki-4 mgongo wake wote unatoka. Bandika kipande cha tresing pepa kikiwa kimekaza kwenye reli za ndani, pale filamu inapolala, weka shata kwenye B, ambapo inabaki wazi muda wote unaobonyeza, ishikilie wazi, ufunike kichwa na kanga utazame kwa lenzi ya kukuzia. Utaiona picha yenyewe, kichwa chini miguu juu. Na kumbuka kwenye kamera hizi unavuta filamu kwanza ndipo unabadilisha kasi ya shata; ukifanya kinyume unaweza kuharibu mtambo wake.

Ukiweka lenzi ya Kisovieti kwenye Leica au Canon, jiandae kwa jambo hili: kwa mita 1 kwenye f/2, kali inaangukia nyuma. Umefokasi jicho, limetoka sikio. Sababu ni ya kihesabu. Renjifainda ya Leica imepangwa kwa lenzi yenye urefu halisi wa milimita 51.6, na hizi za Kisovieti zilifuata kipimo cha Contax, ambacho ni kirefu kidogo, kama milimita 52.4. Kwa mbali tofauti haionekani. Kwa mita 1 inafika kama sentimita 3. Tiba iko ya namna tatu: funga apacha hadi f/5.6 tofauti ipotelee humo. Au fokasi, kisha rudisha kichwa nyuma kidogo tu kabla ya kubonyeza. Au mpelekee fundi abadilishe washa (pete) nyembamba iliyo ndani ya lenzi, akijua kwamba akiiponya karibu anaweza kuiharibu mbali. Mimi ningechagua kurudisha kichwa. Kwenye FED au Zorki iliyo na afya, tatizo hili kwa kawaida hutaliona.

Hatua ya 7: Itumie kwa jua la Dar

Jua letu la mchana liko utosini na halina huruma: kofia ya mtu inatupa kivuli cheusi mpaka kidevuni, ukuta mweupe unaungua. Hapa lenzi kongwe ina faida ambayo matangazo hayaisemi. Tabaka lake la kinga ni dogo, kwa hiyo inatawanya mwanga kiasi, na mwanga huo unaingia kwenye vivuli na kuvilainisha. Lenzi ya kisasa kwa saa sita mchana Kariakoo inakupa nyeusi na nyeupe. Jupiter inakupa na vya katikati.

Bila kipimo cha mwanga, tumia kanuni ya f/16: jua likiwa wazi, weka f/16 na kasi ya shata inayokaribiana na ISO ya filamu, namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga. Filamu ya ISO 400, kasi 1/500. FED-2 inaishia 1/500, kwa hiyo mchana f/2 yako ni ya mapambo. Itafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mtu aliye kivulini, barazani au chini ya mwembe, fungua apacha hatua tatu hadi nne, na kwa ngozi nyeusi uelekee zaidi kwenye nne. Filamu ya negativu inavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

Kwa mitaa yenye pilika, usifokasi kabisa. Weka lenzi ya 35 kwenye f/8, fokasi mita 3. Kila kilicho kati ya karibu mita 2 na mita 7 kitakuwa kikali cha kutosha. Ukifunga hadi f/11 unafika karibu mita 15. Kwa 50 eneo ni dogo: f/8, mita 3, unapata kuanzia kama mita 2.3 hadi 4.2. Ndiyo maana watu wa mtaani wanaishia kupenda 35.

Tafuta kofia ya lenzi ya kukinga jua, hata ya mpira ya bei ndogo. Bahari yetu iko mashariki, asubuhi ukipiga kuelekea majini jua linaingia moja kwa moja kwenye kioo na Jupiter itakosa rangi. Jioni kaa na jua mgongoni, watu wa Coco Beach wanaangaziwa uso mzima na maji nyuma yao yana giza kidogo. Hapo ndipo f/2 inalipa.

Mambo ya ustaarabu: omba ruhusa kwanza, hasa Feri kwa wauza samaki, ambao wamechoka na watu wa kamera. Na ukiwa upande ule usielekeze lenzi Ikulu, wala bandari, wala maeneo ya jeshi.

Hatua ya 8: Ilinde na unyevu

Fangasi hustawi unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 60 kwa muda mrefu, na Dar huo ndio unyevu wa kawaida. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mbaya zaidi, vuli inafuata.

Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka pakiti kubwa za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha bei ndogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika yenye rangi ikibadilika, ikaange kwa moto mdogo kwenye sufuria kuukuu mpaka rangi irudi. Wapo wanaoweka mchele badala ya silika: unaacha vumbi la wanga na unaita wadudu, uache upikwe. Mfuko wa ngozi uliokuja na kamera ni mzuri machoni, lakini ngozi inashika maji na ndiyo nyumba ya fangasi. Lenzi isilale humo.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika kama 20 kabla ya kuitoa nje, la sivyo kioo kitatoka jasho. Ukitoka ufukweni, futa chumvi kwenye chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo siku hiyohiyo. Na lenzi itumike. Inayotoka kila wiki ikapata hewa na jua haipatwi kirahisi kama iliyofungiwa.

Hatua ya 9: Kamera ya kidijitali, kama unayo

Lenzi hizi zinaingia kwenye kamera za kidijitali zisizo na kioo, Sony, Fujifilm na Nikon Z, kwa adapta ya bei ndogo. Fungua kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi kutambuliwa, fokasi kwa kukuza picha kwenye skrini. Ule mkono wa renjifainda haupo tena, kwa hiyo kesi ya sikio na jicho inakwisha. Kwenye Fujifilm za X na Sony za sensa ndogo (sensa ndiyo inayonasa picha badala ya filamu), 50 inaonyesha eneo la 75: nzuri kwa nyuso, finyu kwa mitaa. Jupiter-12 iwe makini nayo, kioo chake cha nyuma kinaweza kugusa ndani, na hata kikiingia, pembe za picha hupata rangi ya ajabu kwenye sensa nyingi.

Hatua ya 10: Lenzi ya pili, ikifika wakati

Piga na hamsini mpaka ujue bila kuchungulia ni nini kitaingia kwenye fremu. Baada ya hapo, 35 ndiyo inayofuata, na kwa mwenye FED au Zorki hesabu ya dirisha la ziada inarudi. Wasovieti walitengeneza dirisha moja la kuzungusha lenye 28, 35, 50, 85 na 135, linalochomekwa juu ya kamera. Bei yake mara nyingine inakaribia ya lenzi yenyewe. Kabla hujalinunua, jaribu hivi: chungulia kwenye dirisha la kawaida, fikiria eneo linaloongezeka kila upande kwa karibu robo, usogee hatua moja mbele kuliko unavyodhani. Ukimaliza filamu mbili tatu na vichwa vya watu vimo ndani ya picha, dirisha hilo huhitaji.